Kikulacho ki nguoni: mwizi wa gitaa ni mpiga gitaa mwenzetu?

#1 NyuziSita
Wakuu habari zenu.

Jumamosi usiku chumba chetu cha mazoezi kimevunjwa. Kufuli halikukatwa, ameling'oa pamoja na kipande cha mbao kilicholishikilia. Ndani mlikuwa na magitaa matatu, kinanda na amplifaya mbili. Ameondoka na gitaa moja, langu, pamoja na ubao wangu wa pedali (vile visanduku vya kukanyaga vya kubadili sauti ya gitaa). Vingine hakuvigusa. Hata kinanda amekiacha, na kwa mtu asiyejua muziki kile ndicho kingeonekana cha maana, kikubwa na taa kibao.

Kinachonitafuna zaidi ni hiki. Kulikuwa na adapta nne kwenye soketi moja. Ameondoka na ile ya pedali peke yake. Adapta ya pedali mara nyingi ni volti 9 na hasi iko katikati, kinyume na adapta nyingi za vifaa vingine. Kwa macho zote zinafanana. Mwizi wa mtaani kalijulia wapi hilo?

Gitaa lile nimelipiga miaka kumi na moja. Sehemu ya nyuma ya shingo rangi imeisha pale dole gumba langu linapokaa. Kwa hiyo nasema wazi, mwenye kubisha abishe: gitaa huibwa na mpiga gitaa. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeanza kuwatazama watu niliopanda nao jukwaani kwa jicho ambalo sikuwahi kuwatazama nalo, na hali hii naichukia kuliko hasara yenyewe.

Je, nawaza vibaya?

#2 KapoYaTatu
Pole sana mkuu. Huwazi vibaya hata kidogo. Mimi walipopita kwangu waliacha gitaa la kujifunzia lililokuwa mlangoni kabisa, wakaenda kuvuta lililokuwa chini ya kitanda, kwenye kesi. Nani alijua kwamba liko chini ya kitanda? Watu wanne tu duniani, na wote wanapiga.

#3 Besi_Nzito
Pole mleta mada, lakini tusikimbilie huko. Mtu mmoja ana mikono miwili. Mkono mmoja begi la gitaa, mwingine ubao wa pedali. Kinanda kinabebwa na watu wawili na hakiingii kwenye pikipiki. Kilichochaguliwa ni uzito tu.

Na hiyo adapta, swali moja: waya wake ulikuwa bado umechomekwa kwenye pedali?

#4 NyuziSita
Besi_Nzito, umeniweka pabaya. Tulimaliza usiku, nilikuwa nimechoka. Kwa kweli sikumbuki kama niliuchomoa.

#5 Besi_Nzito
Basi kama ulikuwa umechomekwa, alipobeba ubao adapta ilifuata yenyewe. Ushahidi wako mkubwa huo hauna miguu. Simtetei mwizi. Nawatetea hao wenzako uliowataja hapo juu.

#6 Fidla_Kongwe
Mimi ni wa fidla, lakini nyuzi ni nyuzi, mniruhusu. Historia ina mengi upande wa mleta mada.

Februari 1936, Bronisław Huberman alikuwa anapiga Carnegie Hall, New York. Alikuwa na fidla mbili, akapanda jukwaani na moja, ya pili, Stradivarius (fidla ya fundi maarufu wa Italia, Stradivari) ya 1713, akaiacha chumba cha nyuma. Iliibwa onyesho likiendelea. Aliyekuja kukiri mwaka 1985, akiwa anakaribia kufa, alikuwa Julian Altman, mpiga fidla. Karibu nusu karne alikuwa anaipigia watu, akiwa ameipaka rangi ya viatu ili isitambulike.

Mwingine ni Roman Totenberg, mwalimu wa fidla. Mwaka 1980 aliibiwa Stradivarius ya 1734 katika shule ya muziki aliyokuwa anafundisha. Alimshuku kijana mmoja mpiga fidla tangu mwanzo, ila ushahidi haukutosha. Fidla ilionekana 2015, baada ya kijana huyo kufa na mke wake wa zamani kuipeleka kwa mthamini. Kumbe shaka ya mzee ilikuwa sahihi miaka yote 35. Yeye mwenyewe alikuwa amefariki 2012 akiwa na miaka 101, ikabidi fidla wapokee binti zake.

Mtu alikaa na fidla hiyo ndani miaka yote hiyo asiweze kuipiga hadharani kwa amani. Huyo si mfanyabiashara. Huyo aliitamani.

#7 KodiSaba
Asante kwa historia mzee, ila umechagua upande mmoja. Ongeza na hii: Novemba 2010, mpiga fidla Min-Jin Kym ameketi mkahawani stesheni ya Euston, London, Stradivarius yake ya 1696 iko chini miguuni. Ikanyakuliwa. Wezi wakajaribu kuiuza kwa pauni 100. Pauni 100! Baadaye ilipopigwa mnada ilivuka pauni milioni 1.3. Hao hata hawakujua wamebeba nini. Waliona begi.

Kwa hiyo tuna Altman aliyejua kila kitu na tuna vijana wa Euston wasiojua chochote. Mleta mada hawezi kusema wake ni wa kundi gani kwa kutazama kufuli tu.

#8 FundiMbao
Salaam. Natengeneza magitaa na kinachoniuma katika mijadala kama hii ni kwamba watu wanamtafuta mwizi, gitaa linasahaulika. Mwizi hana alama usoni. Gitaa linazo.

Mkuu NyuziSita, unayo serial namba?

#9 NyuziSita
Ninayo fundi. Nimeituma tayari kwenye magrupu matatu ya wauzaji. Inatosha?

#10 FundiMbao
Haitoshi, na naomba wote wanisome hapa.

Magitaa mengi ya zamani ya kampuni ya Fender namba yake imeandikwa kwenye kibati cha nyuma kinachoshikilia shingo, skrubu nne tu. Dakika tano mwizi amebadili kibati. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 ndipo walipoihamishia kwenye kichwa. Za kampuni ya Gibson za miaka ya 1960 namba zilirudiwarudiwa, unaweza kukuta magitaa mawili ya miaka tofauti yana namba ileile. Kuanzia 1977 wakaja na tarakimu 8, ambapo ya kwanza na ya tano zikiunganishwa zinakupa mwaka, na zile tatu za katikati yake ni siku ya mwaka. Hizo zimegongwa kwenye mbao, lakini msasa upo na rangi ipo. Nimeletewa magitaa ambayo nyuma ya kichwa pamekwanguliwa hadi pamekuwa laini kama kioo.

Asichoweza kubadili ni mbao. Mistari ya mbao ni kama alama za vidole, hakuna vipande viwili vinavyofanana hata vikitoka mti mmoja. Piga picha ya mbele karibu, mwanga ukitokea pembeni, uone kila jicho (fundo la mbao) na kila mstari unapokatiza.

Halafu fungua ndani. Zile poti za sauti (vifaa vilivyo chini ya vitufe vya kuzungusha) mgongoni zina namba. Ukiona inaanza na 137, poti ni ya kiwanda cha CTS. Ikianza na 304 ni ya kiwanda cha Stackpole. Zinazofuata ni mwaka, na mbili za mwisho ni wiki. Kwa mfano 1377633 ni CTS, mwaka 1976, wiki ya 33. Anayebadili kibati cha nje huwa hakumbuki kubadili poti. Pigia picha na jinsi waya zilivyolehemiwa, maana kila fundi ana mkono wake.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga hawakuwa na magitaa ya umeme lakini walilijua hili.

#11 RifuLaUsiku
Fundi umenikumbusha yule mpiga gitaa wa Kanada, Bachman. Gitaa lake liliibwa Vancouver na polisi wakalipata Japani baada ya miaka thelathini kwa kutumia serial namba.

#12 KodiSaba
RifuLaUsiku, kisa ni hichohicho ila umekikoroga kidogo, na ulipokikoroga ndipo penye faida kwetu.

Randy Bachman aliibiwa Toronto, hotelini, mwaka 1976. Gitaa ni Gretsch 6120 ya 1957, rangi ya chungwa. Na si polisi waliolipata. Aliyelipata ni shabiki mmoja wa Kanada, mwaka 2020, akiwa nyumbani kwake kwenye kompyuta. Alichukua video ya zamani ya Bachman akipiga, akaona kuna jicho dogo la giza kwenye mbao, akarekebisha programu ya kutambua sura za watu itafute sura ya gitaa. Akapitia picha za Gretsch za rangi hiyo zilizowahi kuwekwa mtandaoni. Akalikuta kwenye picha za zamani za duka moja la Tokyo, kisha kwenye video mwanamuziki wa Kijapani akilipiga.

Huyo Mjapani alikuwa amelinunua kihalali. Hakujua lolote. Akasema atalirudisha akipata jingine la aina ileile na mwaka uleule. Bachman akalitafuta, akalipata, wakabadilishana Tokyo tarehe 1 Julai 2022. Miaka 45 na ushee.

Kwa hiyo fundi yuko sahihi. Ni mbao, na ni shabiki aliyeipenda kazi hiyo kwa moyo wake. Hakuna ofisi yoyote ambayo ingekaa kutazama picha mia tatu za gitaa la chungwa.

#13 RifuLaUsiku
Nimesahihishwa, nashukuru. Nilikisikia kwa mtu.

#14 Besi_Nzito
Na sisi wa besi msitusahau. Paul McCartney wa Beatles alinunua besi yake ya Höfner Hamburg 1961, ikaibwa London Oktoba 1972 kutoka nyuma ya gari. Wapenzi wa besi hiyo wakaanzisha kampeni ya kuitafuta, wakaomba yeyote anayejua chochote aseme. Taarifa zikamiminika, ikaja kupatikana kwenye dari ya nyumba, na Februari 2024 ikatangazwa kwamba imerudi. Ilikuwa imekaa tu darini.

#15 KapoYaTatu
Hayo ni ya mastaa. Mimi nani atatazama picha mia tatu kwa ajili yangu? Na gitaa langu lilikuwa jeusi tititi, hakuna mstari wa mbao unaoonekana.

#16 FundiMbao
KapoYaTatu, jeusi nalo lina ndani. Fungua plastiki ya mbele, mbao iko wazi kule au imenyunyiziwa rangi kidogo tu. Fungua mlango wa nyuma wa springi, vilevile. Na makovu: kila gitaa lililopigwa kwa jasho lina mikwaruzo ya mkanda, mahali kifungo cha shati kinapogusa, kona iliyogonga stendi ya maikrofoni. Pia rangi za zamani za nitro (aina ya vanishi) zikimulikwa na taa ya urujuanimno gizani zinang'aa ukijani. Aliyepaka upya sehemu ndogo ili kuficha, panaonekana peusi kama kiraka.

#17 MamaWaSauti
Habari ndugu zangu. Huwa nasoma tu, leo nimeshindwa kunyamaza.

Langu liliibwa miaka sita iliyopita baada ya onyesho, nikiwa napakia vitu. Nilirudi ndani kuchukua stendi, dakika mbili, nikatoka, mlango wa gari uko wazi na gitaa halipo. Lilikuwa la marehemu kaka yangu. Ndiye aliyenifundisha nyimbo tatu za kwanza juu ya gitaa hilohilo. Watu waliniambia "utanunua lingine." Nimenunua lingine. Napiga lingine. Si hilo.

Nina jambo moja la kuongeza kwa aliyosema fundi. Msiweke alama zote hadharani. Mimi niliweka picha ya mbele, mistari ya mbao, hata ufa mdogo karibu na swichi. Ndani yake kuna alama moja ambayo sijawahi kuitaja popote. Aliyeniambia nifanye hivyo alinieleza kwamba ukitangaza kila kitu, mwizi anasoma kama wewe, atafuta kimoja kimoja. Vilevile atatokea mjanja asiye na gitaa kabisa, akuimbie alama zako zote, akuombe pesa ya kulileta. Mimi walinipigia wawili. Kila mmoja nilimuuliza, kuna nini ndani? Wakakata simu.

#18 NyuziSita
Dada MamaWaSauti, pole sana, na asante. Nimesoma mara mbili.

Wakuu, nimepekua picha usiku kucha. Nyingi ni za jukwaani, mwanga wa zambarau, mbao haionekani. Lakini nimepata moja ambayo mwanangu aliipiga mchana, gitaa liko juu ya kochi. Ni la rangi ya asali kwa hiyo mistari inaonekana, na chini ya daraja (kile kipande kinachoshikilia nyuzi mwilini), kulia, kuna jicho lenye umbo la mbegu ya papai. Miaka kumi na moja sikuwahi kuliona! Na fundi aliyenibadilishia pikapu (kinasa sauti cha nyuzi) alipiga picha ndani, poti inasomeka 1378522.

#19 FundiMbao
CTS, 1985, wiki ya 22. Safi. Umepata cheti cha kuzaliwa. Naihifadhi.

#20 PichaMbili
Wapenzi wa kamera tunapata msaada ambao ninyi hamna. Kamera nyingi za kisasa huandika serial namba ya bodi ndani ya faili la kila picha. Mwizi au aliyemuuzia akipiga picha na kuiweka mtandaoni bila kufutwa taarifa hizo, namba inaonekana. Kuna tovuti kabisa ya kutafuta kwa njia hiyo. Shida ni kwamba mitandao mingi ya kijamii hufuta taarifa hizo picha inapopanda. Kwa hiyo tunza picha moja halisi, isiyopita popote, uijue namba yako hata kama boksi limepotea.

#21 GiaMoja
Na sisi wa baiskeli namba iko chini ya fremu, pale ekseli ya pedali inapopita. Pindua baiskeli uisome leo, usingoje. Na kuhusu kufuli, msiamini jina. Mwaka 2004 kufuli maarufu za Kryptonite zenye tundu la duara zilifunguliwa kwa bomba la kalamu ya Bic, watu wakaonyesha kwenye video, kampuni ikalazimika kuzibadilisha.

#22 Besi_Nzito
GiaMoja, pedali zenu na pedali zetu zinakutana uzi mmoja, karibu sana. Lakini kufuli la mwenzetu halikufunguliwa. Liling'olewa na mbao zake. Ungeweka la chuma cha pua, mlango ungebaki uleule.

#23 Tremolo88
Mbona hamsemi kuhusu vifuatiliaji? Mimi nimeficha AirTag (kifaa kidogo cha Apple cha kufuatilia vitu) ndani ya gitaa, kwenye tundu la waya. Nalala usingizi.

#24 FundiMbao
Tremolo88, tundu lako limefungwa karatasi ya shaba ya kuzuia mvumo?

#25 Tremolo88
Ndiyo, lote na mfuniko.

#26 FundiMbao
Basi umeifungia chumbani. Karatasi hiyo kazi yake ni kuzuia mawimbi, haichagui ya mvumo na ya AirTag. Iondoe uiweke kwenye bitana ya begi, au chini ya plastiki mahali pasipo na shaba.

#27 KodiSaba
Na kumbuka tangu zilipotoka 2021 zimewekewa tahadhari ya kuwalinda watu wasifuatiliwe: mwenye iPhone akitembea na AirTag isiyo yake, simu inamwambia. Baada ya muda yenyewe inalia. Mwizi anaambiwa. Ni nzuri kwa saa za mwanzo, siku ya pili usiitegemee sana. Na betri ni kama mwaka mmoja. Wengi wanaiweka na kuisahau.

#28 Tremolo88
Leo nafungua. Asanteni.

#29 SautiYaKwanza
Narudi kwenye swali la #1, kwa sababu nina kisa ambacho sijakiandika popote.

Kwenye kundi letu la mazoezi iliibwa gitaa la mwenzetu. Baada ya wiki tatu kijana mmoja mgeni akaja na gitaa la aina ileile, rangi ileile, hata stika iliyochanika ilikuwa mahali karibu palepale. Mwenzetu akasema "ni langu." Sisi wote tukasema ni lake. Mtu akampiga picha yule kijana kwa siri na kuiweka mtandaoni, na maneno juu yake. Mimi niliisambaza. Niliisambaza mara tano au sita, nikiwa na hasira za haki.

Yule kijana alikuja na risiti. Hatukuiamini. Alikuja na picha ya yeye mwenyewe akiwa na gitaa miaka miwili nyuma. Ndipo mtu akaweka picha mbili pamoja akatazama mbao. Mistari haikufanana hata kidogo. Moja ilipanda, nyingine ililala.

Tulimwomba radhi. Alikubali kwa mdomo. Hakurudi tena kupiga, si kwetu wala mahali pengine ninapopajua, na alikuwa na mkono mzuri kuliko wetu wote. Picha yake ukitafuta bado ipo. Huwezi kurudisha ulichosambaza. Gitaa la mwenzetu halijapatikana mpaka leo.

Ndiyo maana nikisikia "mwizi ni mmoja wetu" tumbo linanikata. Inawezekana ni kweli. Lakini kabla hujamtaja mtu, weka mbao mbili pamoja.

#30 KapoYaTatu
SautiYaKwanza... nimesoma nikanyamaza kwa muda. Wale watu wanne niliowataja #2, mmoja wao sijamsemesha tangu siku ile. Sina ushahidi wowote juu yake. Nilichagua tu kwa sababu ndiye aliyekuwa na shida ya pesa.

#31 Fidla_Kongwe
Lakini Totenberg naye alichagua, na alikuwa sahihi.

#32 SautiYaKwanza
Alikuwa sahihi, na hakumwandika ukutani. Alipeleka shaka yake panapohusika, akaishi nayo.

#33 MtuWaMaikrofoni
Nataka kuongeza dhana nyingine ambayo hakuna aliyeigusa: sisi wenyewe tunatangaza. Mleta mada, samahani, nimeangalia ukurasa wako. Wiki moja kabla ya kuibiwa umeweka video ya mazoezi. Dirisha linaonekana, geti la jirani linaonekana, na mwisho umeandika "Jumamosi tunapumzika." Umempa mtu orodha ya vifaa, ramani na saa.

#34 NyuziSita
Dah. Nimeifuta sasa hivi. Kweli niliandika hivyo.

#35 Besi_Nzito
Usimlaumu aliyeibiwa, MtuWaMaikrofoni.

#36 MtuWaMaikrofoni
Simlaumu. Nasema kwa ajili ya anayesoma na bado analo.

#37 RifuLaUsiku
Mimi dhana yangu ni waliojenga au waliotengeneza chumba. Aliyeng'oa komeo na mbao yake alijua ile mbao imeoza. Mpiga gitaa hajui mbao ya mlango, anajua mbao ya gitaa tu.

#38 KodiSaba
Hiyo nayo ina uzito. Tuna mpiga gitaa, tuna begi jepesi, tuna video, na sasa seremala.

#39 Tremolo88
Swali: gitaa likionekana linauzwa, NyuziSita alinunue? Mimi ningenunua yaishe.

#40 Besi_Nzito
Hapana! Ukinunua umemlipa mshahara, kesho anakwenda kwa mwingine. Piga picha tangazo lote kabla halijafutwa, na jina la muuzaji, ripoti, halafu mwendee ukiwa na polisi. Usiende peke yako kukutana na mtu gizani kwa ajili ya gitaa.

#41 MamaWaSauti
Besi_Nzito unasema vizuri kwa kichwa. Mimi la kaka yangu nikiliona dukani sijui kama nitakumbuka kuripoti. Nitalilipia kisha nilie.

#42 KodiSaba
Na wenye bima wajue kitu. Kym niliyemtaja #7, bima ilimlipa, akanunua fidla nyingine. Ya kwanza ilipopatikana 2013 ilikuwa si yake tena, ilikuwa ya kampuni ya bima, na pesa alikuwa ameshaitumia. Ikapigwa mnada. Mkisaini madai, ulizeni mapema: likipatikana, nina haki ya kulinunua kwanza?

#43 Kinanda_Cha_Kanisani
Mkuu NyuziSita, mimi sina nadharia. Una onyesho lini?

#44 NyuziSita
Ijumaa ijayo. Nimeshawaambia sitakuwepo.

#45 Kinanda_Cha_Kanisani
Waambie utakuwepo. Nina gitaa la mdogo wangu, nyuzi mpya. Shingo nene kidogo kuliko uliyoizoea.

#46 KapoYaTatu
Na mimi nina pedali mbili za ziada, pamoja na adapta, hasi katikati. Sihitaji kurudishiwa haraka.

#47 NyuziSita
Wakuu sijui niseme nini. Nilifungua uzi nikiwashuku watu kama ninyi. Asanteni.

#48 FundiMbao
Nimekuja na habari, zisomwe taratibu.

Jana nimeletewa gitaa la rangi ya asali, swichi inakwaruza. Aliyelileta amelinunua mkononi mwa mtu miezi miwili iliyopita, kwa hiyo tarehe tu ilishanikatisha tamaa kwa upande wa NyuziSita, lakini nilifungua. Poti inasomeka 1377940. Chini ya daraja hakuna jicho. Mkuu, si lako. Pole.

Ila karibu na swichi kuna ufa wa zamani ulioshindiliwa gundi. Na nilipoinua plastiki ya mbele, kwenye mbao yenyewe, kuna kitu kimewekwa kwa kalamu ya risasi na mkono wa mtu. Nimeshakirudisha nilivyokikuta na sijamwambia mwenye gitaa chochote. Sitakiandika hapa. MamaWaSauti, upo?

#49 MamaWaSauti
Nipo.

Fundi, jibu neno moja tu. Ni maandishi au ni mchoro?

#50 FundiMbao
Mchoro.

#51 MamaWaSauti
Usiandike tena hapa. Nakuja inboksi sasa hivi.